Lugha ya Mwananchi Katika Mpango wa Baraza: Somo Kutoka Wales

Maelezo kamili ya mhadhara kwa wakazi kuhusu mipango ya muda mrefu ya serikali za mashinani, ustawi wa jamii na lugha.



Mwaka 1952, katika kijiji cha Llangennech, kusini-magharibi mwa Wales, mume na mke walipokea hati ya kudai ushuru kutoka kwa baraza la wilaya ya mashambani ya Llanelli. Mume, Trefor Beasley, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mke, Eileen Beasley, alikuwa mwalimu. Hati ilikuwa ya Kiingereza pekee. Nyumbani kwao kilizungumzwa Kiwelisi, na majirani zao wengi walizungumza Kiwelisi. Hata ndani ya baraza lenyewe, madiwani na makarani wengi walikijua Kiwelisi na kukitumia kila siku. Ni karatasi tu iliyokuwa haikijui.

Wawili hao waliomba hati ya Kiwelisi. Baraza likakataa. Nao wakakataa kulipa mpaka waandikiwe kwa lugha yao. Walifikishwa mahakamani mara nyingi. Madalali wa mahakama walifika nyumbani, wakabeba samani na hata piano. Watoto walikuwa wadogo na nyumba ilibaki tupu. Familia ilishikilia msimamo huo kwa miaka minane. Mwaka 1960 baraza lilisalimu amri, likatoa hati ya ushuru kwa lugha mbili.

Kisa hiki kinafaa kutangulia kwa sababu kinaonyesha mahali hasa ambapo baraza na lugha hukutana. Hukutana katika bili, katika barua, katika foleni ya zahanati, katika darasa la chekechea na katika kikao cha kupitisha bajeti. Leo mabaraza ya Wales, ambayo ni 22, yanalazimika kisheria kupanga jinsi ya kuikuza lugha hiyo hiyo waliyokuwa wakiikataa zamani. Jinsi mambo yalivyogeuka, yale yaliyofaulu na yale yaliyoshindikana, ni habari inayowafaa wakazi wa kaunti yoyote ya Kenya.

Lugha ilivyosukumwa pembeni

Wales ni nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza, yenye watu takriban milioni 3.1. Kiwelisi, ambacho wenyewe hukiita Cymraeg, kilizungumzwa katika ardhi hiyo kabla ya Kiingereza kuwapo. Mwaka 1536 sheria iliyoiunganisha Wales na Uingereza ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, na asiyekijua hakuweza kushika wadhifa wa serikali. Mwaka 1847 tume iliyotumwa na serikali ilichapisha ripoti kuhusu shule za Wales. Makamishna wake hawakujua Kiwelisi, ilhali watoto wengi waliowahoji hawakujua Kiingereza. Ripoti ikakilaumu Kiwelisi kuwa ndicho kinachowarudisha watu nyuma.

Katika shule kadhaa za karne ya 19 kulikuwa na adhabu iliyojulikana kama Welsh Not. Mtoto aliyesikika akizungumza Kiwelisi alifungwa shingoni kipande cha ubao. Akimsikia mwenzake akizungumza Kiwelisi, alimpa ubao ule, na siku ilipokwisha, aliyekutwa nao ndiye aliyeadhibiwa.

Wakenya wengi waliopita shule za msingi hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Hapa nchini kifaa hicho kiliitwa diski, na kilizunguka darasani kwa utaratibu ule ule, kikimgeuza mtoto kuwa mpelelezi wa mwenzake. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Watoto wa nchi mbili zilizo mbali sana walifundishwa jambo moja, kwamba lugha ya mama ni kosa.

Sensa zinaonyesha kilichofuata. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walizungumza Kiwelisi. Kufikia mwaka 1981 walikuwa chini ya asilimia 19. Sababu hazikuwa shule pekee. Viwanda na migodi vilivuta watu kutoka Uingereza, vijana wa mashambani walihamia mijini kutafuta kazi, na redio na televisheni ziliingia nyumbani zikizungumza Kiingereza. Wazazi wengi walioipenda lugha yao waliamua kutowafundisha watoto, wakiamini wanawafungulia njia ya kazi. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wakisoma ishara walizopewa na serikali, na serikali ilikuwa ikiwaambia kwamba Kiwelisi hakina ofisi.

Mabaraza yalivyobadili mwendo

Mabadiliko yalianza kidogo kidogo, na mengi yalianzia mashinani. Machi 1947 shule ya Ysgol Dewi Sant ilifunguliwa mjini Llanelli. Ndiyo shule ya msingi ya kwanza ya kufundisha kwa Kiwelisi kuanzishwa na serikali ya mtaa. Mwaka 1971 liliundwa shirika la Mudiad Meithrin ili kuendeleza vikundi vya chekechea vya Kiwelisi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na watu wa Wales walitambua kwamba lugha isiyoingia chekechea itakuja kutafutwa kwa gharama kubwa ukubwani.

Sheria zilifuata polepole. Mwaka 1967 Kiwelisi kilipata nafasi fulani mahakamani. Mwaka 1993 ofisi za umma zilitakiwa kuandaa mipango ya kutoa huduma kwa lugha zote mbili. Mwaka 2011 Bunge la Wales lilikipa Kiwelisi hadhi rasmi na kuunda ofisi ya Kamishna wa Lugha ya Kiwelisi. Tangu mwaka 2016 kila baraza linafuata kanuni maalumu za lugha. Mkazi akiandika barua kwa Kiwelisi na jibu likihitajika, anajibiwa kwa Kiwelisi. Akipiga simu, anasalimiwa kwa lugha mbili. Fomu na mabango hutoka kwa lugha zote mbili. Baraza likiyapuuza hayo, Kamishna anaweza kulichunguza na hata kulitoza faini ya hadi pauni 5,000.

Kanuni hizo zina sehemu mbili ambazo zinapita mambo ya barua na mabango. Ya kwanza inalitaka baraza, kila linapotunga sera yoyote, lijiulize sera hiyo itaathiri vipi nafasi za watu kutumia Kiwelisi. Haijalishi kama sera ni ya nyumba, barabara au kufungwa kwa shule. Ya pili inalitaka baraza liandike mkakati wa miaka mitano wa kukuza lugha katika eneo lake, wenye lengo la kuongeza au kudumisha idadi ya wazungumzaji. Miaka mitano ikiisha, baraza hutathmini na kuchapisha matokeo. Hivyo ahadi inawekewa tarehe, na mkazi anaweza kuishika mkononi na kuuliza imefika wapi.

Sheria ya vizazi vijavyo

Lugha haikuachwa isimame peke yake. Mwaka 2015 Wales ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Vizazi Vijavyo. Sheria hii inaweka malengo saba kwa nchi nzima: ufanisi wa kiuchumi, mazingira yanayostahimili misukosuko, afya bora, usawa, jamii zenye mshikamano, utamaduni hai na Kiwelisi kinachostawi, na uwajibikaji kwa dunia. Lugha imewekwa kwenye orodha moja na afya na ajira. Haikuwekwa mwishoni kama pambo la siku ya sherehe.

Sheria hiyo inayataka mabaraza, bodi za afya na taasisi nyingine za umma zifuate njia tano za kufanya kazi. Ya kwanza ni kutazama mbali, ili mahitaji ya leo yasiwanyang'anye watoto wa kesho. Ya pili ni kuzuia tatizo kabla halijawa kubwa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya tatu ni kuunganisha malengo, ili idara moja isibomoe inachojenga nyingine. Ya nne ni kushirikiana na taasisi nyingine. Ya tano ni kuwashirikisha watu ambao uamuzi unawagusa.

Kila eneo la baraza lina bodi ya huduma za umma. Ndani yake huketi baraza, bodi ya afya, idara ya zimamoto na uokoaji, na shirika linalosimamia maliasili, huku polisi na wengine wakialikwa. Bodi hufanya kwanza tathmini ya hali ya ustawi wa eneo: uchumi, jamii, mazingira na utamaduni. Kisha hutunga mpango wa ustawi, unaochapishwa ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa mabaraza. Mkaguzi Mkuu wa Wales huchunguza kama taasisi zinafuata njia zile tano, na kuna Kamishna wa Vizazi Vijavyo ambaye hushauri na kukosoa. Wa kwanza alikuwa Sophie Howe, aliyeanza kazi mwaka 2016, na mwaka 2023 akafuatwa na Derek Walker.

Mwaka 2017 serikali ya Wales iliongeza lengo lingine la mbali: kufikisha wazungumzaji milioni moja ifikapo mwaka 2050, na kuongeza maradufu idadi ya wanaotumia Kiwelisi kila siku.

Gwynedd: lugha ya kazi na lugha ya nyumba

Baraza la Gwynedd, kaskazini-magharibi, lina makao yake katika mji wa Caernarfon. Katika sensa ya mwaka 2021, asilimia 64.4 ya wakazi wake walisema wanazungumza Kiwelisi, kiwango cha juu kuliko eneo lolote la Wales. Baraza hilo lina desturi ambayo mabaraza mengine mengi hayana: Kiwelisi ndicho lugha yake ya kazi ndani ya ofisi. Wahandisi, wahasibu na maafisa wa mipango huandikiana na kukutana kwa Kiwelisi. Asiyekijua Kiwelisi huhudumiwa kwa Kiingereza bila shida.

Faida ya desturi hii ni ya wazi kwa mzazi yeyote. Kijana anayemaliza shule Gwynedd anajua kwamba lugha ya bibi yake ni sifa ya kuajiriwa. Ile hofu ya zamani, kwamba lugha ya nyumbani haina mshahara, inajibiwa kwa ajira.

Kwa watoto wanaohamia Gwynedd wakitoka sehemu zisizo na Kiwelisi, baraza lilianzisha vituo maalumu vya lugha tangu miaka ya 1980. Mtoto huhudhuria kwa muda, akijifunza Kiwelisi kwa michezo na masomo, kisha hurudi katika shule ya kawaida akiwa anaweza kufuatana na wenzake. Gwynedd pia ndiko ulikoanzia mpango wa Siarter Iaith, unaowahimiza watoto kutumia Kiwelisi uwanjani na wakati wa mapumziko. Walimu walikuwa wamegundua kwamba mtoto anaweza kufaulu mtihani wa lugha na bado asiizungumze akicheza mpira.

Lakini tatizo gumu la Gwynedd haliko shuleni. Liko kwenye bei ya nyumba. Pwani na milima ya eneo hilo inapendeza, na watu wenye fedha kutoka mbali hununua nyumba za kukaa wiki chache kwa mwaka au za kukodisha kwa watalii. Bei hupanda. Kijana mzaliwa wa kijiji anashindwa kununua, anahama, na anahama na lugha. Wakati wa baridi madirisha ya mitaa mizima huwa na giza. Shule ikikosa watoto inafungwa, na duka hulifuata.

Hapa ndipo mpango wa ustawi na mpango wa lugha unakuwa kitu kimoja. Tangu Aprili 2023 Gwynedd inatoza nyumba za pili nyongeza ya asilimia 150 ya ushuru wa baraza, yaani mwenye nyumba hulipa mara mbili na nusu ya ushuru wa kawaida. Sehemu ya mapato hayo inaelekezwa kwenye mpango wa makazi kwa wenyeji. Septemba 2024 baraza lilikwenda mbali zaidi, likataka mwenye nyumba aombe kibali cha mipango kabla ya kuigeuza makazi ya kudumu kuwa nyumba ya pili au ya watalii. Hatua hiyo ilipingwa vikali, hata mahakamani. Wapo wenyeji wanaohofia thamani ya nyumba zao itashuka, na wapo wanaoishi kwa utalii. Malalamiko yao si ya kupuuzwa. Mpango wowote wa ustawi una watu wanaobeba gharama yake, na ni haki yao kusikilizwa.

Watu wa Gwynedd wana sababu ya kuogopa maamuzi yanayofanyiwa mbali. Karibu na mji wa Bala kulikuwa na kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake walizungumza Kiwelisi. Jiji la Liverpool lilihitaji maji. Mwaka 1957 Bunge mjini London liliidhinisha bwawa, ingawa karibu wabunge wote wa Wales hawakuliunga mkono. Mwaka mmoja kabla, wanakijiji walikuwa wameandamana katika mitaa ya Liverpool wakiomba wasizamishwe. Mwaka 1965 bwawa lilifunguliwa. Shule, kanisa, posta na nyumba 12 pamoja na mashamba yake vilipotea. Miaka 40 baadaye, mwaka 2005, baraza la jiji la Liverpool liliomba radhi. Radhi haikurudisha kijiji. Ile njia ya tano katika sheria ya mwaka 2015, ya kuwashirikisha watu, inaeleweka vizuri zaidi na anayeikumbuka Capel Celyn.

Carmarthenshire: pigo la sensa

Upande wa kusini-magharibi kuna Carmarthenshire, ambako ndiko kilipo kile kijiji cha Llangennech. Mwaka 2001 nusu ya wakazi wake walizungumza Kiwelisi. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 43.9. Kuporomoka huko kulishtua eneo zima. Baraza liliunda kikundi cha madiwani kuchunguza sababu, na mwaka 2014 kikatoa ripoti iliyogusa elimu, mipango ya ardhi, uchumi na lugha ya kazi ndani ya baraza lenyewe. Baadaye baraza likaanza kuzisogeza shule zake hatua kwa hatua kuelekea kufundisha kwa Kiwelisi.

Januari 2017 zamu ikafika Llangennech. Baraza liliamua kwamba shule ya msingi ya kijiji hicho, iliyokuwa na mikondo miwili ya lugha, iwe ya Kiwelisi. Wazazi waligawanyika. Baadhi walifurahi, wengine waliona wanasukumwa nje ya shule ya kijiji chao. Majirani walinuniana. Kijiji kilekile ambacho familia moja ilinyang'anywa samani kwa kudai hati ya Kiwelisi, sasa kilikuwa na wazazi waliolalamika kwamba Kiingereza kinaondolewa. Yeyote anayepanga sera ya lugha anapaswa kutafakari picha hizo mbili kwa pamoja. Lugha inayorudishwa bila mazungumzo ya kutosha inaweza kuumiza, kama vile lugha inayoondolewa inavyoumiza.

Eneo hilohilo ndilo lililoanzisha Menter Cwm Gwendraeth mwaka 1991, shirika la kijamii la kukuza Kiwelisi katika bonde lililokuwa la makaa ya mawe. Kazi yake ni kuandaa vilabu vya vijana, michezo, muziki na shughuli za familia, ili Kiwelisi kiwe na mahali pa kuishi nje ya darasa. Mashirika ya aina hiyo yalisambaa kote Wales, na mabaraza hushirikiana nayo kwa sababu afisa wa baraza hawezi kuingia kila sebule.

Lugha kitandani mwa mgonjwa

Mahali ambapo lugha na ustawi hukutana kwa uchungu zaidi ni hospitalini. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kupoteza lugha aliyojifunza ukubwani na kubaki na ile ya utotoni. Mtoto mdogo aliyelelewa kwa lugha moja hawezi kueleza maumivu kwa lugha nyingine. Ndiyo maana mwaka 2012 serikali ya Wales ilizindua mpango wa huduma za afya na ustawi wa jamii uitwao Mwy na Geiriau. Msingi wake ni kwamba mhudumu ndiye anayepaswa kutoa huduma kwa Kiwelisi, bila kusubiri mgonjwa aombe. Mgonjwa ni mnyonge. Akiona daktari ana haraka, ataona aibu kuomba lugha yake, ataitikia asichokielewa, na atarudi nyumbani na dawa asiyojua kuitumia.

Matokeo yakoje?

Ukweli usemwe. Pamoja na sheria zote hizo, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wazungumzaji 538,300 wa Kiwelisi, sawa na asilimia 17.8, kutoka 562,000 mwaka 2011. Gwynedd ilishuka kidogo. Carmarthenshire ilishuka hadi asilimia 39.9. Wakati huohuo mji mkuu, Cardiff, uliongezeka kutoka asilimia 11.1 hadi 12.2, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya shule za Kiwelisi na ajira za umma.

Takwimu hizo zinafundisha kwamba shule inaweza kuzalisha wazungumzaji, lakini haiwezi peke yake kuhifadhi kijiji. Kijiji kinahitaji kazi, nyumba na vijana. Pia Kamishna wa Vizazi Vijavyo anaweza kupendekeza na kukosoa, lakini hana uwezo wa kufuta uamuzi wa baraza. Mipango mizuri imewahi kukutana na bajeti zilizopunguzwa. Hata hivyo, bila mipango hiyo pasingekuwa na tarehe, lengo wala hesabu ya kumshika mtu. Kushuka kule kunajulikana kwa sababu kuna anayepima, na ndiyo sababu mwaka 2025 Bunge la Wales lilipitisha sheria mpya ya lugha na elimu.

Yanayomhusu mkazi wa kaunti

Kenya si Wales. Kule kuna lugha mbili, hapa zipo zaidi ya 40. Kule lugha moja ya asili inatafuta nafasi mbele ya Kiingereza. Hapa Kiswahili kinaunganisha jamii, na pembeni yake kuna lugha kubwa na lugha zilizobakiwa na wazungumzaji wachache sana, kama El Molo kando ya Ziwa Turkana na Yaaku huko Laikipia. Mfumo wa Wales hauwezi kubebwa mzima na kupandwa hapa. Zaidi ya hayo, nchini Kenya lugha ikitumiwa vibaya ofisini inaweza kuwa ukuta wa kuwafungia nje watu wa jamii nyingine. Huduma ya lugha haina budi kumwongezea mtu mlango, isimpunguzie mwingine.

Lakini misingi ipo, na imeandikwa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya, na iendeleze matumizi ya lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Kifungu cha 56 kinataka jamii ndogo na zilizotengwa zisaidiwe kukuza utamaduni na lugha zao. Jedwali la Nne limekabidhi kaunti elimu ya chekechea, vituo vya afya vya kaunti na shughuli za utamaduni. Hayo ni maeneo yaleyale ambayo mabaraza ya Wales yanapigania lugha yao.

Chombo cha kupangia pia kipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, na inakataza fedha za umma kutengwa nje ya utaratibu wa mipango. Mabaraza ya Wales yalichaguliwa mwaka 2022, kama kaunti za Kenya, na yatachaguliwa tena mwaka 2027, kama kaunti za Kenya. Baada ya hapo, pande zote mbili zitaandika mipango mipya. Mkazi anayesubiri mpango uchapishwe ndipo aulize atakuwa amechelewa.

Yapo maswali mepesi ambayo mkazi anaweza kwenda nayo kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma. Je, rasimu ya mpango imetolewa kwa Kiswahili chepesi, au ni kitabu cha Kiingereza ambacho wachache watakimaliza? Je, kikao kina mkalimani wa lugha ya eneo na wa lugha ya ishara? Je, mama anayefika zahanati bila kujua Kiswahili wala Kiingereza anaelezewa dawa na nani? Je, mwalimu wa chekechea anajua lugha ambayo watoto wake walikuja nayo kutoka nyumbani, na ana kitabu hata kimoja cha lugha hiyo? Je, mpango unataja lengo linaloweza kuhesabiwa, na nani atatoa hesabu mwaka wa tano? Na mradi mkubwa ukija, uwe bwawa, barabara au hoteli, je, wanaohamishwa wamesikilizwa kabla ya kusainiwa kwa karatasi, au watangojea radhi ya miaka 40 baadaye?

Maswali haya hayahitaji wakili wala shahada. Eileen na Trefor Beasley hawakuomba jambo kubwa. Waliomba karatasi moja waielewe na waione kuwa yao. Ilichukua miaka minane kwa karatasi hiyo kutoka, na zaidi ya nusu karne kwa sheria kusema kwamba kila mkazi anastahili karatasi ya namna hiyo. Mpango wa kaunti unaandikwa na maafisa, lakini lugha yake huamuliwa na wanaojitokeza kuusoma na kuuliza.